Gharika Mbili kwenye Meza Moja

Udongo usikauke. Naanza na hilo kwa sababu wiki niliyoondoka niliikuta ndoo imeachwa wazi karibu na hita, na sikupenda kuondoka na picha hiyo kichwani. Udongo wa mfinyanzi ukikauka haushiki alama. Ufunikeni kwa kitambaa chenye maji, juu yake nailoni, kisha kifuniko. Mengine niliyoyaona katika miaka yangu ya kupokea wageni kwenye chumba cha Babeli nitayaeleza jinsi yalivyofuatana. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyangu vilikuwa vidogo, na vyenu mnavijua wenyewe.

Nilikuja Stockholm kutoka Voi kusomea dini, nikiwa na nia ya kurudi nyumbani kufundisha somo hilo sekondari. Sikurudi. Niliolewa, nikazaa, nikafundisha hapa na pale kama mwalimu wa muda, na mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili makumbusho yetu haya madogo yakatafuta mtu wa kupokea madarasa ya shule. Nadhani walinichukua kwa sababu ya sauti. Mtu aliyewahi kufundisha Voi chini ya paa la mabati wakati wa mvua hashindwi na vijana wa Kiswidi wanaovua makoti.

Siku ya kwanza alinipokea Gunnel, mhifadhi wa vitu vya kale, mwanamke mrefu ambaye sweta yake ilikuwa moja kwa majira yote ya baridi. Hakunizungusha jengo. Aliniweka mezani, akanipa kibao cha udongo kisichozidi biskuti kwa ukubwa, na tochi.

"Soma," akasema.

Nikamwambia sijui kuusoma mwandiko ule.

"Hata mimi siujui, ukimulika hivyo."

Akazima taa ya dari, akailaza tochi kando ya kibao, upande wa kushoto kwa juu. Mikwaruzo niliyodhani ni nyufa ikainuka: alama ndogo kama kabari, safu kwa safu, kila moja na kivuli chake. Nimelifanya jambo hilo hadi mwisho wa kazi na sikuwahi kuizoea dakika ile. Kwa hiyo tochi ilale. Ukimulika kutoka juu, maandishi yote yanapotea.

"Kinasema nini?" nikauliza, nikitazamia miungu.

"Bia," akasema Gunnel. "Kuna mtu amepokea bia."

Akanieleza kwamba sehemu kubwa ya walichoandika watu wa Babeli ni bia, shayiri na kondoo, na miungu ilipata kilichobaki. Anzeni na bia mbele ya wanafunzi. Wakishawaamini kwenye bia, watawaamini na kwenye mengine.

Kuhusu vijiti vya kuandikia kwenye udongo: msihangaike na matete ya ziwani. Tulijaribu, yanapasuka. Tumieni vijiti vya kulia vya mgahawa wa Kichina ulio ng'ambo ya barabara, kwa sababu ncha zake za juu ni za pembe nne na zinaacha kabari safi. Kwa muda mrefu mhudumu wa pale aliamini kwamba wafanyakazi wa makumbusho hatuli kitu kingine ila tambi.

Katikati ya chumba ipo meza ya mbao, na juu yake nakala ya plasta ya kibao cha gharika. Chenyewe kiko nchi nyingine. Chetu kilichukuliwa kwenye umbo lake, hata nyufa zimo. Kwa ajili ya mgeni asiyekijua, kinasimulia hivi. Miungu ya Babeli imeazimia kuwaangamiza watu kwa maji. Mmoja wao, mwerevu, hakubaliani, lakini amekula kiapo cha kutotoboa siri, kwa hiyo anaunong'oneza ukuta wa matete wa nyumba ya mtu mmoja: bomoa nyumba, unda chombo. Mwenye nyumba yuko upande wa pili na anasikia. Anaunda, anapaka lami, anaingiza jamaa zake na wanyama. Maji yanakuja. Chombo kinakwama mlimani. Anamtoa njiwa, njiwa anarudi. Anamtoa mbayuwayu, anarudi. Anamtoa kunguru, harudi. Anashuka, anachoma sadaka, na miungu inasikia harufu nzuri.

Mimi ni mtoto wa mwinjilisti. Habari za Nuhu nilizisikia kabla sijajua kushika kalamu. Gunnel aliponisomea kibao hicho kwa Kiswidi mara ya kwanza, alipofika kwenye kunguru nilivuta kiti nikakaa.

"Na harufu pia imo?" nikauliza.

"Na harufu pia."

"Kwa hiyo Waebrania waliiga?"

Alivua miwani. "Ukisema waliiga, nusu ya darasa haitakusikiliza tena. Ukisema hakuna uhusiano, nusu ya pili itakuacha. Weka maandishi yote mawili kwenye meza moja, soma polepole, halafu nyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu."

Miaka iliyofuata nilisoma kila nilichoweza kukisoma, kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyozaliwa ina chumba ambacho hajawahi kukifungua. Nikajua kwamba neno la Kiebrania la vilindi vya maji, katika mistari ya kwanza kabisa ya Biblia, ni ndugu wa jina la mungu-bahari ambaye Wababeli wanasema aliuawa na kupasuliwa ili ziumbwe mbingu na nchi. Katika Mwanzo hakuna vita, Mungu anasema tu. Nikajua kwamba jua na mwezi, ambavyo Babeli vilikuwa na mahekalu, mwandishi wa Mwanzo hakuvitaja hata kwa jina. Aliviita mianga, mkubwa na mdogo, kama mtu anayezungumzia taa za sebuleni. Mara nyingi nilikuwa nikicheka peke yangu kwenye treni.

Msisahau pia kutazama orodha ya majina kabla darasa halijafika. Darasa la kwanza nililopokea kutoka kitongoji cha Norsborg, mwalimu wao aliita majina mlangoni: Sargoni, Ninosi, Nahrini. Nilidhani ananitania kwa majina ya kale, kwa kuwa ni chumba cha Babeli. Walikuwa watoto wa Waashuru waliotoka Iraki na Uturuki, na nilikuwa nimejiandaa kuwaeleza kwamba watu wa Babeli na Ashuru walitoweka zamani sana. Nilibadilisha sentensi hiyo nikiwa nimeshafungua mdomo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonigharimu zaidi.

Jumapili nilikuwa nikisali Rinkeby, kwenye kanisa letu la Kiswahili. Wengi ni Wakongo wa Kivu, na sisi Wakenya na Warundi tumechanganyika humo. Nilikuwa mwalimu wa vijana katika shule ya Jumapili. Kati yao alikuwamo Riziki, msichana wa Vårby gård, aliyevuka mji mzima kwa treni kila Jumapili akiwa na wazazi wake. Baba yake alikuwa mwalimu wa Kifaransa Bukavu kabla ya vita, wakaishi kambini Tanzania kwa miaka, na hapa alikuwa dereva wa basi na mzee wa kanisa. Tulimwita Baba Riziki. Nyumbani yeye alisema Kiswahili cha Bukavu, kinachosema batu badala ya watu, na binti akamjibu kwa Kiswidi, na wote wawili walishazoea.

Siku moja darasa la Riziki la sekondari likaletwa makumbusho. Niliweka maandishi mawili mezani, nikasoma, nikanyamaza. Riziki akanyoosha mkono.

"Ipi iliandikwa kwanza?"

"Ya Babeli," nikamjibu, kwa sababu ndivyo ilivyo.

Jioni ile, wakiwa mezani, akamwambia baba yake kwamba Nuhu si wa Biblia, Nuhu aliibwa Babeli, na kwamba Mama Mwalimu amesema.

Jumapili iliyofuata, viti vikikunjwa baada ya ibada, Mchungaji akanivuta pembeni. Ni mtu mpole, wa Uvira, ambaye namheshimu hadi leo. Baba Riziki alikuwa amesimama kando yake.

"Mama Mwalimu, kuna neno limenifikia," akasema Mchungaji.

"Nimelisikia."

"Basi useme tu mbele ya wazee kwamba Biblia ndiyo iliyotangulia, tumalize. Mtoto amevurugika."

"Siwezi kusema hivyo, Mchungaji. Kibao ni cha zamani zaidi. Lakini neno kuiba sikulisema, na sidhani kama ni kweli."

Baba Riziki hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. "Mama, sisi tulitoka kule na batoto na Bibilia. Bingine byote bilibakia njiani. Sasa na hii unataka kutunyanganya?"

Nilichoweza kusema ni hiki: "Baba Riziki, njoo uone. Siku yoyote utakayopata nafasi."

Mchungaji akaniomba nipumzike kufundisha kwa muda. Nikasema sawa. Nikiwa kwenye treni kurudi nyumbani niliona mikono yangu imeshika mkoba kana kwamba kuna mtu anauvuta. Vijana wale nilikuwa nao tangu wakiwa wadogo wa kuimba kwa kukosea. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa sina hakika kama Baba Riziki alikosea. Huenda kuna watu ambao hupaswi kuwagusia kitu pekee walichobaki nacho, hata kama unachosema ni kweli. Nilimweleza Gunnel siku ya pili. Gunnel haendi kanisani, na hakutoa maoni kuhusu kanisa. Alisema tu, "Akija, mpe kiti."

Alikuja. Ilikuwa kati ya zamu zake mbili, bado amevaa koti la kazi, na kiti nilichompa hakukikalia. Alisimama mbele ya meza, mikono nyuma, kama mwalimu anayekagua kazi ya mwingine. Nikampa tafsiri ya Kiswidi ya kibao. Aliisoma yote kwa kidole. Kisha akatoa Biblia yake ya Kiswahili mfukoni, akaifungua sehemu ya Nuhu, akaiweka kando ya ile tafsiri, akaanza kwenda huku na huku, njiwa kwa njiwa, kunguru kwa kunguru. Mimi nilikuwa nikikanda udongo ambao haukuhitaji kukandwa.

"Banafanana," akasema mwisho. "Siwezi kusema habafanani." Akagonga tafsiri ya kibao kwa kidole. "Lakini hii miungu, iliua batu kwa kosa gani?"

"Kibao hiki hakisemi. Kuna kisa kingine cha Babeli, cha zamani kuliko hiki, cha gharika hiyohiyo, na humo sababu imeandikwa. Watu walizaana wakawa wengi, wakapiga kelele, mungu mkuu akakosa usingizi."

"Kelele."

"Ndiyo."

"Njo ile tu? Kelele?"

"Ni hiyo tu."

Hapo ndipo alipokikalia kile kiti. Akarudi kwenye Biblia, akapanda juu kidogo ya mahali alipokuwa, akasoma kwa sauti ya chini kwamba dunia ilikuwa imejaa dhuluma. Neno hilo alilirudia. Dhuluma.

"Donc, basi, huyu aliyeandika hapa," akasema, "ile ya kelele alikuwa anaijua. Mji wote ulikuwa unaisimulia. Batoto bake bameisikia kwa jirani. Hawezi kubaambia gharika haikuwako. Anabaambia: ilikuwako, lakini Mungu haui batu juu ya kelele."

Ilibidi nimwambie kwamba wataalamu hawajakubaliana hadithi hizi zilivuka lini na kwa njia gani. Wapo wanaosema ni wakati Wayahudi walipopelekwa utumwani Babeli, na wapo wanaosema ni mapema zaidi, kwa sababu visa vya aina hii vilikuwa vikizunguka nchi zote zile. Alinisikiliza kwa adabu.

"Bataalamu baendelee kubishana," akasema. "Mi nimeona batu banakufa juu ya kitu kidogo kuliko kelele. Mutu mwenye kusema Mungu hafanye vile, namusikiliza."

Akatazama saa, akafunga koti, akaenda kuendesha basi.

Alirudi tena, na tena. Maswali yake sikuwahi kuyapata kwa mgeni mwingine. Moja aliliuliza akiwa ameshafika mlangoni: wale waliopelekwa Babeli, watoto wao walikuwa wanasema lugha gani? Nikamwambia kwamba pole pole walichukua Kiaramu, lugha ya watu wa pale, na kwamba hata majina ya miezi ambayo Wayahudi wanayatumia hadi leo waliyatoa Babeli.

"Hata miezi," akasema, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Riziki naye anasema augusti, kama Waswidi."

Jumamosi moja akaja naye. Binti alikuwa amenuna, amevaa kofia ndani ya nyumba. Baba akasema lake kuhusu dhuluma na kelele, kwa Kiswahili, binti akapinga kwa Kiswidi, baba akajibu, binti akavua kofia. Nilinyamaza, kama nilivyofundishwa. Mara Riziki akanigeukia akataka kujua "gräla" ni nini kwa Kiswahili.

"Kubishana," nikamwambia.

Akamgeukia baba yake. "Hawakuiba, Baba. Walibishana."

"Kama wewe," akasema Baba Riziki. Lakini nilimwona akilitafuna lile neno, na nadhani kilichompendeza zaidi kilikuwa lugha aliyoambiwa nayo.

Sitawadanganya kwamba baada ya hapo kila kitu kilikaa sawa. Darasa langu la Jumapili sikurudishiwa. Walipewa wengine, na baadaye akapewa Baba Riziki, ambaye alikuwa mwalimu mzuri kuliko mimi na mwenye madokezo marefu kuliko yangu. Nilikaa kwenye viti vya nyuma na wanawake wa kwaya. Mwanzoni iliuma, baadaye nikagundua kwamba nyuma kahawa inafika mapema. Mchungaji hakuligusia suala lile tena, ila siku moja akiwa na kikombe mkononi akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, kama ni kweli Wababeli wenyewe walisema Babeli maana yake ni lango la mungu.

"Ni kweli," nikamwambia. "Waebrania wakaligeuza jina hilo likakaribiana na neno lao la kuchanganya."

Alicheka hadi kahawa ikamwagika. "Kwa hiyo walikuwa wanawacheka wenye mji."

"Wenye mji walikuwa wamewachukua mateka, Mchungaji. Hawakuwa na kingine cha kuwafanya."

Msije mkadhani Riziki alikwenda kusomea maandishi ya kale. Alisomea meno. Akija makumbusho, alikuwa akikitazama kibao na kusema kina ufizi mbaya.

Gunnel alistaafu kabla yangu, akaniachia tochi, sweta hakuiacha. Nami miaka yangu ikafika. Katika mwezi wangu wa mwisho, mapema miaka hii ya elfu mbili na kumi na kitu, Baba Riziki akanipigia simu. Mama yake mzazi amefika hatimaye kutoka Bukavu, wanamwita Koko, yaani bibi, na anataka kuona mahali ambapo mwanawe huenda kutazama udongo.

Walikuja watatu asubuhi ya siku ya kawaida, chumba kikiwa kitupu. Koko alikuwa mdogo wa umbo, amevikwa koti la mjukuu lililomfika kwenye vifundo vya miguu. Kiswahili alikisikia kidogo, lugha yake ni Mashi, kwa hiyo mimi nilisema Kiswahili, na mwanawe akamtafsiria. Nilimsimulia gharika ya Babeli kama ninavyomsimulia mtu yeyote. Bia niliiruka.

Kuna sehemu ambayo kwa madarasa naipitia haraka, kwa sababu vijana hawaitaki. Maji yanapopanda, mungu mmoja wa kike anapiga kelele kama mwanamke aliye katika uchungu wa kuzaa. Watu hawa ni mimi niliyewazaa, anasema, na sasa wameijaza bahari kama samaki. Na miungu mingine inakaa chini pamoja naye, inalia.

Koko akamshika mwanawe mkono, akasema kitu.

"Anauliza huyo mama alilia mbele ya maji ao nyuma," akasema Baba Riziki.

"Baadaye. Maji yalikuwa yameshafika."

Akamwambia. Koko akauliza tena, na safari hii Baba Riziki hakunitafsiria mimi. Alitoa Biblia yake, akatafuta, akamsomea mstari ambao Mungu anaihuzunikia dunia moyoni mwake, kabla hata safina haijatajwa. Alisoma kwa Kiswahili, kisha akarudia kwa Mashi. Riziki alikuwa amesimama nyuma ya bibi yake na mikono mabegani mwake.

Koko aliposema, alisema akiiangalia meza.

"Anasema sisi tulilia nyuma tu," Baba Riziki akasema. "Mbele hatukujua."

Koko akanyoosha mkono kwenye nakala ya plasta, akauzuia hewani, akanitazama mimi moja kwa moja na kuniuliza kwa Kiswahili chake, bila mkalimani: "Wapi analia?"

Nikazima taa ya dari. Nikailaza tochi. Nikahesabu safu hadi nikaipata, nikamshika Koko kidole, nikakiweka pale. Alikiacha hapo kwa muda mrefu, na sisi wengine tukamngoja.